Ukuta Unaobakisha Maji: Mafunzo ya Uongozi Kutoka kwa Bwawa la Mchanga

(Mada iliyotolewa kwa viongozi na wanakwaya katika semina ya matayarisho ya jubilei)



Tulipopewa mada ya uongozi tuliombwa tuizungumze kama watu wa ujenzi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Tukajiuliza ni kazi gani ya uhandisi ambayo kila mmoja aliye hapa ameiona kwa macho yake, hata kama hakupenda hesabu shuleni. Tungeweza kutaja reli inayokatiza Makueni, au bwawa kubwa la Thwake pale mto Thwake unapoingia Athi. Lakini tumechagua kitu kidogo kilicho karibu na nyumbani: ule ukuta wa mawe na simiti uliokatiza mto mkavu kule bondeni, ambao mbuzi hupita juu yake na watoto hukaa hapo wakila maembe. Tunazungumza juu ya bwawa la mchanga.

Tusilidharau kwa sababu tumelizoea. Kitui na Makueni ni kati ya sehemu za dunia zenye mabwawa ya mchanga mengi zaidi. Kule Kitui, wananchi pamoja na shirika la SASOL wamejenga mamia tangu miaka ya 1990. Kule Kola, kwenye mpaka wa Machakos na Makueni, kikundi cha Utooni kilianza mwaka 1978, Joshua Mukusya akiwa mmoja wa waanzilishi, na kazi yao ikaenea hadi watu wa nchi nyingine wakaja kuitazama. Walioinua kuta hizo kwa sehemu kubwa walikuwa majirani waliokusanyika kwa mwethya, wakibeba mawe kichwani.

Namna linavyofanya kazi mnaijua, lakini turudie kwa ajili ya vijana. Mito yetu mingi, kama Tiva, Thua, Nzeeu na Kaiti, hupita kwa fujo mvua inaponyesha, kisha hubaki mchanga mtupu. Mvua yetu ni ya misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katikati ya misimu hiyo kuna miezi ya vumbi. Ukuta ukijengwa kukatiza mto, mafuriko huleta mchanga na kuuacha nyuma ya ukuta. Mchanga ukijaa, maji hukaa katikati ya chembe zake. Katika kila lita 100 za mchanga mzito, lita 25 hadi 40 zinaweza kuwa maji. Jua letu hunyonya silanga iliyo wazi hadi likabaki tope, lakini maji yakishuka chini ya mchanga kiasi cha mita moja, jua haliyafikii kwa urahisi. Mbu hawazaliani humo, na ng'ombe hawayachafui. Mwezi wa Septemba, mtu akichimba kidogo, anapata maji ya mvua ya mwezi wa Mei.

Basi swali la mada yetu ni moja. Jubilei ni mafuriko mazuri: sare mpya, wageni, nyimbo, chakula, picha. Mafuriko hayo yakishapita na mto ukakauka, kutakuwa kumebaki nini? Sisi tunaamini kwamba kiongozi hupimwa kiangazi, na tunataka tuone bwawa la mchanga linatufundisha nini kuhusu hilo.

Somo la kwanza: mwamba hutafutwa kabla ya ukuta

Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, watu huchimba. Huchimba mchanga wa mto mpaka wafikie mwamba, na mara nyingine kazi hiyo hula siku nyingi kuliko kujenga kwenyewe. Mpita njia akiona watu wamezama shimoni wiki nzima bila ukuta wowote kuonekana, husema hawa wanacheza. Lakini ukuta uliosimamishwa juu ya mchanga, maji hupita chini yake usiku na mchana. Kwa nje utauona mzima. Nyuma yake hakuna maji.

Bwana wetu alisimulia habari za nyumba mbili, ya mwamba na ya mchanga, nasi tumeihubiri sana. Bwawa letu linatuongezea jambo moja. Mchanga wenyewe hauna ubaya, kwa kuwa ndio unaotunza maji. Ubaya ni kuusimamisha ukuta juu yake. Vivyo hivyo katika kwaya: sifa, mialiko, kurekodi nyimbo na sare ni vitu vizuri vikikaa nyuma ya ukuta. Uongozi ukijengwa juu yake, utavuja. Tunapochagua mwenyekiti, mwalimu au mweka hazina, tuchimbe kwanza. Je, mtu huyu huja mazoezini jioni ya mvua wakati waliokuja ni sita tu? Je, akipewa pesa za nauli hurudisha hesabu bila kuulizwa? Hayo hayaonekani siku ya onyesho, na ndiyo mwamba wenyewe.

Somo la pili: maji hutafuta pembeni

Mafundi wa mabwawa watakuambia kwamba ukuta mwingi unaoharibika hauvunjiki katikati. Katikati pana mawe mengi na macho mengi. Maji huzunguka pembeni, pale ukuta unapokutana na ukingo wa mto. Ndiyo maana ukuta hupewa mabawa, yaani huendelezwa ndani ya ukingo pande zote mbili, mahali ambapo hata hauonekani. Mabawa yakiwa mafupi, mafuriko ya msimu mmoja yanakula udongo wa ukingo na mto unahamia kando. Ukuta hubaki umesimama peke yake, mzuri, bila ufa, na mto umekwenda zake.

Kwaya huhama namna hiyo. Uongozi unaweza kubaki mzima, wenye mihuri na daftari, na watu wakawa wamepita pembeni. Tunawajua walio pembeni. Ni mama anayechelewa mazoezini kwa sababu punda wake yuko foleni kwenye maji. Ni kijana aliyemaliza shule, hana nauli wala sare, anakaa mstari wa nyuma na haimbi kwa sauti. Ni wenzetu waliokwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, ambao huja Krismasi na kukuta hawajui nyimbo mpya. Kiongozi anayetazama waimbaji wa mbele peke yao anatazama katikati ya ukuta. Tunawaomba viongozi waingie ndani ya ukingo, wawatembelee na wawapigie simu hata wakati hakuna safari wala mchango.

Somo la tatu: inua kwa hatua, na uache tope lipite

Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Ukuta ukiinuliwa mrefu sana kwa mara moja, maji ya mafuriko husimama nyuma yake yametulia. Yakitulia, tope laini hushuka na kujaza bwawa. Tope nalo hushika maji kwa nguvu, lakini halitoi. Ukichimba kisima humo unapata kidogo sana. Kwa hiyo kuna mafundi wanaoinua ukuta kidogo kidogo, msimu kwa msimu. Mafuriko yakija, mchanga mzito huanguka nyuma ya ukuta, na tope jepesi hubebwa na maji yanayopita juu. Msimu ujao wanaongeza tena. Hata ukuta uliokamilika huachwa chini kidogo katikati kuliko pembeni, ili mafuriko yapite juu yake pale tunapotaka sisi. Hakuna anayejenga ukuta wa kuzuia mto wote.

Kwa viongozi wapya tunasema hivi. Usiingie Januari ukitaka kubadilisha walimu, sare, siku ya mazoezi na nyimbo zote kabla ya Pasaka. Haraka haraka haina baraka. Inua kidogo, uone kilichokaa, halafu uinue tena. Pia jifunze kupima kizito na chepesi. Nani alisema nini njiani, nani hakusalimiwa, nani alisimama mbele ya nani, hayo ni tope. Yaache yapite juu. Kiongozi anayezuia kila neno na kuliitia kikao atajikuta ana kwaya iliyojaa tope: watu wamo, lakini hawatoi kitu. Lakini mambo mazito usiyaache yapite. Pesa za kwaya, heshima ya mabinti zetu safarini, na mafundisho tunayoimba madhabahuni ni mchanga mzito. Hayo yazuie.

Somo la nne: simiti hukomaa kwa maji

Watu wengi hudhani simiti hupata nguvu kwa kukaushwa na jua. La hasha. Simiti hupata nguvu kwa kukutana na maji na kukaa nayo. Ukuta ukiachwa juani siku ya kwanza, hupasuka na kubaki dhaifu maisha yake yote. Kwa sababu hiyo hufunikwa na kumwagiliwa kwa siku nyingi, angalau juma moja, na wahandisi hupima nguvu zake siku ya 28. Fikirini basi mahali kama kwetu. Bwawa hujengwa kiangazi, mto ukiwa mkavu. Hakuna maji, ndiyo maana tunajenga. Hata hivyo akina mama hubeba mitungi kutoka mbali ili kumwagilia ukuta ambao bado haujawapa hata kikombe kimoja. Hiyo ni imani, na ni hesabu nzuri ya uhandisi pia.

Somo hili tunalielekeza kwa washirika wote, maana mara nyingi tunawasimika viongozi Jumapili kwa makofi na kufikia Jumatano tumewaacha juani. Mwalimu mpya wa kwaya akikosea ufunguo mara moja, tunamlinganisha na yule wa zamani papo hapo. Mweka hazina akichelewa na ripoti, tunamsema sokoni kabla ya kumwuliza nyumbani. Kiongozi mpya anahitaji kumwagiliwa: kuombewa kwa jina, kusahihishwa faraghani, kupewa nauli akitumwa, kuitikiwa simu. Tumpime akishakomaa. Na sisi wa zamani tukumbuke kwamba maji hayo yanatoka kwenye mitungi yetu, hata kama hatutakunywa kwenye bwawa hilo.

Somo la tano: acha nafasi ya usalama

Mhandisi akijua kwamba daraja litabebeshwa tani 10, halijengi la kubeba tani 10 kamili. Hulijenga libebe zaidi, kwa kuwa anajua kuna siku isiyo ya kawaida. Nafasi hiyo ya ziada wanaobana pesa huiita hasara. Siku ile ikifika, ndiyo inayookoa watu.

Wapendwa, hatuwezi kuwa kwaya ya Ukambani na tukazungumza juu ya mito bila kutaja Enziu. Tarehe 4 Desemba 2021, wanakwaya wa Kanisa Katoliki la Mwingi walikuwa ndani ya basi wakielekea arusini. Basi lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, likasombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa, watoto wakiwamo. Walikuwa waimbaji kama sisi, wamevaa vizuri kama tunavyovaa, wakienda kwenye furaha ya watu. Hatukuja hapa kumhukumu mtu yeyote. Tumekuja kujifunza ili tuwaheshimu.

Fundi wa maji atakuambia jambo ambalo jicho halilioni. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Futi 2 za maji yanayokimbia zinatosha kubeba magari mengi. Na maji yenye tope hayaonyeshi kama barabara iliyo chini bado ipo. Sasa waza juu ya kiongozi wa msafara. Arusi inangoja. Saa imepita. Waimbaji wanasema twende. Gari jingine limejaribu likavuka. Mwenye gari anataka kurudi mapema. Wakati huo uongozi wote hukusanyika katika neno moja: "Hatuvuki." Ni neno la kuaibisha. Utaharibu ratiba ya watu, na pengine utachekwa. Lakini kiongozi asiyeweza kulisema hana nafasi ya usalama ndani yake.

Tena nafasi hiyo haianzii mtoni. Huanzia kwenye kupanga: kuondoka mapema, kutojaza basi kupita kiasi, kumwuliza mwenyeji hali ya mto kabla ya kutoka, na kumwambia bwana arusi tangu mwanzo kwamba mvua ikinyesha tunaweza tusifike. Ukiwa umepanga hivyo, neno "hatuvuki" ni jepesi kutamka.

Somo la sita: linda mchanga

Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Haikutungwa bure. Malori yalikuwa yakiingia mitoni kuchota mchanga wa kujengea mijini, na pale mchanga ulipokwisha, visima vilikauka. Watu waligombana hata damu ikamwagika. Aliyeutazama mchanga kwa haraka aliona kitu cha bure kilichotapakaa. Mama mwenye mtungi aliona maji. Anayebeba mchanga wa mto amebeba maji ya kijiji.

Katika kwaya, mchanga ni wale wengi wasiotajwa: sauti ya pili inayoshikilia wimbo wakati sauti ya kwanza inapongezwa, anayefua sare, anayepanga viti, aliyezijua nyimbo za zamani zote kwa kichwa. Kila mmoja ni chembe, na katikati ya chembe ndimo maji yanamokaa. Kuna malori yanayokuja kwa mchanga huu. Mara nyingine huja mtu na kamera, akichagua sauti nne tamu na kuwaacha wengine. Wakati wa kampeni huja mgombea na bahasha, akitaka kwaya nzima iimbe jina lake. Kiongozi ndiye mlinzi wa mto. Aulize kila lori linapoingia: mkishachota, hapa kutabaki nini?

Ulinzi mwingine ni kuandika. Wimbo ambao mtu mmoja tu anaujua ni mchanga ulio kwenye ukingo wa kuanguka. Katika 1 Mambo ya Nyakati 25 tunasoma habari za waimbaji 288 waliopigiwa kura za zamu zao, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi, bila kutenganishwa. Hata wakati wa Daudi waliona kwamba mwanafunzi lazima aketi karibu na mwalimu angali hai.

Tunayowaomba kuamua

Mada isiyo na maamuzi ni mafuriko yasiyo na ukuta. Kwa hiyo tunaweka mbele yenu mambo manne, na tunaomba kikao cha kwaya kiyajadili kabla ya siku ya jubilei.

Kwanza, kila sauti iwe na viongozi wawili, mkubwa na kijana, watumike pamoja mwaka mzima kabla ya mmoja kumwachia mwenzake. Asiwepo mtu anayebeba kwaya peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Pili, nyimbo zetu zote za miaka hii ziandikwe kwa solfa na zirekodiwe, tukianza na zile zinazojulikana na wazee wetu pekee.

Tatu, kila safari iwe na kiongozi mmoja wa msafara, na neno lake juu ya mto na gari lisipingwe na mtu yeyote, awe mwenyekiti au mwenyeji. Akisema turudi, tunarudi, na hakuna wa kumlaumu baadaye.

Nne, tukutane tena Septemba ya mwaka ujao, wakati mito imekauka, bila wageni na bila sare. Tuhesabu ni vijana wangapi waliojiunga sasa bado wanaimba, ni nani aliyepotelea pembeni, na hesabu za pesa zinasemaje. Hicho kitakuwa kipimo halisi cha jubilei yetu.

Tunawashukuru waliotutangulia. Wengi wao walichimba hadi mwamba na kubeba mawe, na majina yao hayakuandikwa popote ukutani. Bwawa likishajaa mchanga, ukuta wenyewe karibu wote hufunikwa, ukabaki ukingo mwembamba wa juu tu. Anayekuja na mtungi hamwoni fundi. Anachimba kidogo, anapata maji, anakunywa, anaondoka akiimba. Mungu atujalie viongozi wa namna hiyo, na atujalie kuwamwagilia.

Mungu awabariki. Amina.